Siku ya Thelathini na Moja

Jumamosi ile nyumba ya Bwana Zamu ilikuwa na raha yake. Cherehani ya mkewe ilinguruma tangu asubuhi. Watoto wawili walilala kifudifudi sakafuni wakibishana ni mpira upi uende na upi ubaki. Baba mwenyewe aliketi mezani, kalamu mkononi, akiandika orodha ya safari. Kwa mtu yule hakukuwa na furaha iliyozidi kuandika orodha. Nami nasema, ndugu zangu, watu wanaojiandaa kwenda kupumzika wanapendeza kuwatazama. Hata kugombana kwao huwa na utamu.

Jina la Bwana Zamu alipewa kazini. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mikate, mtu wa kupanga nani aingie saa ngapi, nani akande unga, nani akae na tanuri, nani apakie. Wafanyakazi arobaini walimheshimu, na kumwogopa kidogo, maana kwa miaka tisa tanuri halikuwahi kuzimwa kwa kukosa mtu. Miaka hiyo tisa hakuchukua likizo hata moja. Sasa amepata siku tano. Amekodi kijumba kando ya ziwa, mwendo wa saa nane kwa basi, na tiketi nne zimeshakatwa. Safari ni Jumanne, tarehe thelathini na moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Mtaniuliza, tiketi nne, na nyumba ina watu wangapi? Mna haki ya kuuliza. Nyumba ilikuwa na watu watano.

Wa tano alikuwa mama yake mzazi, Bibi kwa watoto, mwanamke wa miaka sabini na mitatu aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona umbo la mtu mlangoni lakini hakuona uso wake. Alidungwa sindano ya insulini mara mbili kwa siku. Binti mkubwa wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyemsomea vile vimistari vya kwenye bomba la sindano, kisha akakaa naye mpaka amalize kula. Daktari alikuwa amelisema jambo hilo wazi, tena mara mbili: dawa ikishaingia mwilini, chakula kiifuate upesi, la sivyo sukari itashuka na mtu ataanguka.

Bibi hakuwa na makao mamoja. Miaka miwili nyuma, alipofiwa na mumewe, Bwana Zamu na mdogo wake wa kike, msusi mwenye saluni yake, walikubaliana kumlea kwa kupokezana. Bwana Zamu akapanga ratiba kama alivyopanga ya kiwandani. Miezi ya witiri kwake, miezi ya shufwa kwa dada yake, tarehe mosi hadi tarehe thelathini. Kiwandani mzunguko wa zamu ni siku thelathini, naye mkono wake ulishazoea. Akaipiga ratiba chapa, akaibandika kwenye friji, akampelekea na dada yake nakala. Mwezi wa pili ulipotokea kuwa mfupi, hakuna aliyelalamika. Na miezi yenye siku thelathini na moja? Siku ile ilipita hivyo hivyo, kila mtu akimaliza mwezi wake kimya kimya. Ilikuwa siku isiyo na mwenyewe, na hakuna aliyegundua.

Sasa rudini nami mezani. Bibi alikuwa ameketi karibu na cherehani, akipapasa kitambaa cha mashati ya safari.

"Laini hiki," alisema. "Unashona mashati mangapi, mwanangu?"

"Manne, Mama. Yote sare," mkwe wake alijibu, mguu ukapunguza mwendo.

"Na huko ziwani kuna baridi?"

"Asubuhi kidogo, wanasema."

"Basi nisisahau sweta langu."

Cherehani ikasimama kabisa. Mke alimwangalia mumewe. Mume aliyatazama maandishi yake kana kwamba ndiyo kwanza ayaone. Alijua wazi kwamba mama yake anadhani anakwenda. Alijua pia kwamba neno moja la kweli lingetosha kumweleza. Lakini jamani, kuna watu hodari wa kuongoza wenzao arobaini ambao hushindwa na sentensi moja mbele ya mama yao.

"Tutaona, Mama," alisema. Akaandika: *taulo nne*.

Usiku mkewe alimwambia chumbani, "Tumchukue. Nitamwekea mto kwenye basi, na kule nitalala naye mimi."

"Saa nane za basi, na miguu yake ile? Atachoka. Halafu kijumba kina vyumba viwili. Kwanza tarehe thelathini zamu yangu inaisha. Anakwenda kwa shangazi yao."

"Zamu yako," mkewe alirudia. Hakusema zaidi. Nami sitamtetea kwa hilo, maana mtu aliyeliona kosa akalinyamazia naye ana sehemu yake.

Jumapili jioni Bwana Zamu alimpigia dada yake simu, huku mikono yake ikikunja suruali jikoni. Simu aliiweka mezani, sauti ikiwa imefunguliwa yote.

"Kaka, kesho kutwa haiwezekani," msusi alisema. "Jumanne nina bibi harusi na wasimamizi wake sita, mji wa pili. Naondoka alfajiri. Mlete Jumatano, tarehe mosi, kama kawaida."

"Kawaida ni thelathini. Soma ratiba."

"Na mwezi una siku thelathini na moja. Siku iliyozidi ni ya aliye naye."

"Nani kasema? Imeandikwa wapi?"

"Mwaka jana mwezi wa nane, mwezi wa kumi, wa kumi na mbili, nilikaa naye mimi siku zote zile. Nilikudai?"

"Hukusema. Ungesema tungepanga."

"Sasa nasema. Siku hiyo si yangu, Kaka."

"Wala si yangu. Mimi nina tiketi."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale wawili walikuwa watoto wa tumbo moja, wenye mama mmoja, na bado kila mmoja aliuona mzigo ule mwepesi ukiwa begani kwa mwenzake. Walivutana robo saa nzima. Mwisho msusi akakubali kwa shingo upande: angemaliza na bibi harusi, apitie mchana saa saba kumchukua mama. Kaka yake amdunge sindano ya asubuhi na kumwachia kifungua kinywa. Saa chache tu peke yake, zina nini?

Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Upande wa pili Bibi alikuwa ameketi na sweta lake mapajani, akilitafuta tundu la kushona. Alisikia kila neno. Bwana Zamu alipotoka alimkuta amelikunja, ameliweka pembeni.

"Mama, Jumanne utakwenda kwa binti yako," alisema. "Atakufuata mchana."

"Sawa, baba. Nendeni mpumzike. Mmefanya kazi sana."

Alishukuru Mungu kwamba mama yake hana maneno mengi. Hakujiuliza kwa nini.

Jumatatu ilikuwa siku ya pilikapilika. Friji ilisafishwa ili kisioze kitu. Vyakula vikavu vilipakiwa viende vikatumike kule kule: mchele, chumvi, kopo la sukari. Bwana Zamu alirudi kutoka dukani na kufuli jipya, zito, la ukubwa wa ngumi, maana mtaa ulikuwa na wezi wanaopenda nyumba za wasafiri. Lilikuja na funguo tatu. Zote tatu akazitia kwenye kishikio chake cha funguo zisipotee. Kisha akaandika orodha ya mwisho, ile ya kufunga nyumba, na kila mstari aliuwekea kiboksi cha kutia tiki. Madirisha. Mapazia. Gesi. Umeme, swichi kubwa. Mlango. Kufuli. Hiyo ndiyo orodha aliyoizoea kiwandani walipofunga kwa sikukuu. Alikwenda nayo chumba kwa chumba kwa majaribio, akaridhika.

Someni orodha hiyo tena, wenzangu, mniambie kama kuna mstari mmoja unaosema ndani ya nyumba kuna mtu.

Jumanne waliamka saa kumi alfajiri. Teksi ilikuwa ifike saa kumi na moja. Kwa kawaida sindano ya Bibi ilikuwa saa moja, na binti pembeni yake. Siku hiyo binti alikuwa anamvalisha mdogo wake viatu, kwa hiyo Bwana Zamu alimdunga mama yake mwenyewe, saa kumi na nusu, kwa mikono ya haraka.

"Chai ipo kwenye chupa, Mama," mkewe alisema. "Mkate na mayai viko kwenye bakuli la bluu lenye kifuniko, hapo hapo mezani. Kula sasa hivi."

"Nitakula. Ninyi msichelewe."

Honi ikalia nje. Kutoka hapo kila kitu kilikwenda mbio. Mabegi yakabebwa. Kilichokuwa mezani kikafagiliwa ndani ya kikapu cha chakula cha njiani. Watoto wakambusu bibi yao shavuni gizani. Bwana Zamu akapita na karatasi yake: gesi, tiki, umeme, tiki. Nyumba ikawa giza. "Kwa heri, Mama," alisema, akafunga mlango, akalipachika lile kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Tiki. Akaingia kwenye teksi na moyo mweupe kabisa. Akaizima simu yake, akatangaza kwamba kuanzia sasa kiwanda kitajua chenyewe.

Saa mbili asubuhi basi lilikuwa limeshaacha mji mbali. Jua limetoka, mashamba yanapita dirishani, na yule mdogo ameshauliza mara nane kama wamefika. Mama wa watoto alifungua kikapu. Akatoa sandwichi. Akatoa chupa ya juisi. Akatoa bakuli la bluu lenye kifuniko.

Alilishika mikononi. Binti akaliona.

"Hilo si la Bibi?"

Mama yao aliinua kifuniko. Mkate na mayai vilikuwa havijaguswa.

"Baba, Bibi alikula?"

Bwana Zamu alitazama saa yake. Saa tatu na nusu zilikuwa zimepita tangu asukume dawa ile kwenye mkono wa mama yake. Alianza kupiga hesabu ya vilivyobaki nyumbani ambavyo mama angeweza kula, akakuta vyote viko chini ya basi, mchele, sukari na vinginevyo. Kisha mkono wake ukagusa funguo mfukoni. Zilikuwa tatu.

"Nimemfungia," alisema.

Aliwasha simu. Simu ya mama yake ililia mpaka ikakatika. Dada yake alipokea mara ya tatu, nyuma yake wanawake wakicheka. "Kaka, si nilisema saa saba?" Aliposikia habari alianza kukusanya vitu vyake, ila naye alikuwa mbali, mji wa pili. Jirani? Bwana Zamu alikuwa na namba za watu arobaini wa kiwandani, na wasambazaji wa unga, na fundi wa mizani. Ya jirani aliyekaa ukuta kwa ukuta naye miaka saba hakuwa nayo. Akapiga kiwandani. Simu ilipokewa na fundi mitambo, kijana mmoja mtaratibu.

"Shikamoo, bosi. Si uko likizo?"

"Chukua mkasi wa kukatia vyuma. Kimbia nyumbani kwangu. Vunja kufuli. Mama yangu yuko ndani, sukari imeshuka. Pita dukani ununue soda. Kimbia, nakuomba."

Katika miaka tisa fundi hakuwahi kumsikia mtu yule akisema nakuomba. Alikimbia.

Basi liliwashusha njiani, wakasimama kando ya barabara na mabegi yao na mashati yao manne ya sare, wakingoja gari la kurudi. Simu ilipolia, Bwana Zamu alishindwa kuipokea, mkewe akaipokea.

Fundi alieleza hivi. Alimkuta jirani uani, akamwuliza kama amesikia chochote. Jirani akasema ndiyo, kulikuwa na kugonga mlango toka asubuhi na mapema, kugonga kwa adabu, mara tatu tatu kisha kimya. Alichungulia akaona kufuli nje, akajua hakuna mtu, akadhani ni mafundi mtaa wa pili. Fundi alikata kufuli. Ndani kulikuwa giza. Mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichomiminwa kikapoa, na kitambaa cha meza kimevutwa pembeni, kama mtu amepapasa kitu asikione. Bibi alikuwa sakafuni jikoni, chini ya rafu ambako kopo la sukari lilikaa siku zote. Amelowa jasho, mguu umekaa vibaya, hatambui mtu. Alikuwa anapumua. Fundi hakuthubutu kummiminia soda mtu asiyejitambua, asije akapaliwa. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la mikate, wakampeleka hospitali.

Walifika hospitali saa nane mchana. Msusi alikuwa ameshatangulia, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Mama alikuwa ametundikiwa dripu, ametambua watu, nyonga imevunjika. Muuguzi aliingia na jalada.

"Huyu mama anaishi na nani?"

Kaka alimtazama dada. Dada alimtazama kaka. Safari hii hawakuwa wakisukumiana. Ni aibu tu iliyowafunga midomo. Lakini kwa aliyelala kitandani kimya kile kilikuwa kile kile cha siku zote.

"Msigombane, wanangu," Bibi alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku hiyo mniandikie mimi mwenyewe. Nitajilea."

Msusi aliinama ukingoni mwa kitanda akalia kwa sauti. Bwana Zamu alipiga magoti. "Nisamehe, Mama. Nilidhani nimefunga nyumba tu."

"Nimekusamehe, baba. Ulikuwa na haraka."

Na alimsamehe kweli; mama yule hakuwa na kinyongo. Ratiba ilibanduliwa kwenye friji. Alipotoka hospitali, baada ya wiki sita, mwanawe alimwomba akae kwake moja kwa moja, hakuna tena miezi. Msusi naye akawa anafunga saluni kila Jumatatu na Alhamisi ili ashinde na mama yake. Sindano inadungwa kwa saa yake, na hakuna anayeondoka mezani kabla Bibi hajamaliza.

Mtasema basi mambo yameisha vizuri. Ngojeni niwaambie kilichobaki. Bibi sasa haendi jikoni bila kuuliza kama ataingilia kazi ya mtu. Akitaka maji husema, "Kama si usumbufu." Akikohoa huomba radhi. Hajui tena kulalamika kwamba chai imepoa au kwamba watoto wana kelele, mambo ambayo zamani aliyasema kwa haki yake ya uzazi. Jioni moja Bwana Zamu alimkuta ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba wake umefungwa miguuni, kama abiria.

"Mama, mbona hivyo? Kaa vizuri. Hapa ni kwako."

"Asante, baba," alijibu. "Mmenisitiri sana."

Hivyo ndivyo mgeni anavyomshukuru mwenyeji wake. Bwana Zamu alikwenda uani, akasimama nyuma ya nyumba, akalia. Alikuwa na mama ndani ya nyumba, amekula, ameoga, ni mzima, naye alijua kwamba yule aliyemzaa hajisikii tena kuwa mama wa mtu hapo. Tangu siku ile anajitahidi. Huketi naye kila jioni, humwuliza habari za zamani, humwomba amgombeze. Mama hucheka kidogo, halafu huuliza kama wakati wa kulala umefika, asije akawachosha.

Funzo

Sikatazi safari, wala sisemi kupokezana kumlea mzazi ni dhambi. Mwenye ndugu na atumie ndugu zake. Ninalosema ni kwamba mzazi si tanuri la kiwanda, kwamba zamu yako ikiisha unafuta mikono na kuondoka. Kazi iliyogawanywa sana huwa na ufa katikati, na mtu dhaifu ndiye huangukia humo. Ukisikia mdomo wako unasema "siku hiyo si yangu" juu ya mtu aliyekubeba tumboni, ujue umeshapotea njia hata kabla hujapanda basi. Na usidhani kwamba kimya cha mzee ni ridhaa. Mara nyingi amesikia, ameumia, na amechagua kukusitiri.

Mfupa wa mzee ukivunjika, madaktari wapo. Akishajiona ni mzigo, sijui fundi wa kumtibu. Kwa hiyo panga safari yako, shona mashati yako, andika orodha yako ndefu upendavyo. Lakini kabla ya kuufunga mlango, hesabu waliomo ndani mmoja mmoja. Na ukimkuta mmoja ambaye kila mtu anasema si wake, huyo ni wako.